Kirikuu ya Sabra: Matombo Inakwaruza, Mjini Inanyamaza

Kumekucha Matombo, ukungu bado umeilalia migomba, na Sabra Hamza amepiga magoti katikati ya barabara ya vumbi, shavu limekaribia kugusa ardhi. Anasikiliza tairi la nyuma.

"Umesikia lilivyokuwa linalia sasa hivi?" anauliza, akiinuka na kukung'uta khanga aliyoifunga juu ya suruali. "Kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria. Ngoja sasa niliondoe, uone ushenzi wake."

Anapanda, anawasha, anaendesha polepole huku kichwa kimetoka nje ya dirisha. Gari linapita shimo la kwanza, linaruka shimo la pili. Hakuna ukoko wala sufuria. Kimya.

Sabra anaupiga usukani kwa kiganja.

"Jamani! Hili gari linataka nini kwangu? Liseme basi, mimi nipo, nina masikio!"

Sabra, mwenye umri wa miaka 43 na mama wa watoto wawili, ni miongoni mwa wanawake wachache wanaoendesha magari ya mizigo kati ya Matombo na Morogoro mjini. Gari lake ni kirikuu, vile vigari vidogo vyenye pua fupi ambavyo ukiviona vimepakiwa ndizi unajiuliza mzigo umelibeba gari au gari limeubeba mzigo. Hubeba ndizi, machungwa, magunia ya mdalasini na pilipili manga, akishuka nayo kupitia Mkuyuni na Kiroka hadi sokoni.

Hakuanza na usukani. Alianza na kichwa, akibeba mikungu ya kununua kwa wakulima, kisha akibembeleza nafasi kwenye magari ya watu. Siku moja ya masika dereva mmoja aliteremsha ndizi zake Mkuyuni ili apakie mzigo wa mtu mwingine, akamwambia atarudi kuzichukua. Hakurudi. Ndizi zikaivia mvuani pale pale, Sabra amezikalia.

"Nililia siku ile mpaka watu wa Mkuyuni wakadhani nimefiwa," anasema. "Nikaapa, sitabembeleza tena dereva mwanamume. Nikajifunza kuendesha. Mume wangu alisema nitaliangusha gari bondeni. Mpaka leo sijaangusha hata ndizi moja."

Basi mtu wa namna hiyo, mwenye kiapo cha namna hiyo, ndiye gari limeamua kumfanyia vituko.

Mlio ulianza mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Unatoka nyuma, hausemi ni kulia au kushoto. Unaanza gari likishateremka kidogo, unakwaruza, unasaga, unanyamaza, unarudi tena. Kisha unakata kabisa kabla ya Mkuyuni, na kutoka hapo mpaka mjini kirikuu inatembea kimya, imetulia kama maji ya mtungi. Kuna siku haulii asubuhi mpaka jioni. Kuna siku Sabra anatamani kuliacha gari barabarani aondoke zake kwa miguu.

Wala si suala la kero ya masikio tu. Zaidi ya nusu ya mzigo anaobeba Sabra ni wa kina mama wakulima wa Matombo, na msemaji wao ni Anastasia Fidelis, mjane mwenye shamba la migomba kwenye mteremko mkali juu ya barabara ya misheni. Mama Anastasia akisema mzigo uende gari fulani, unaenda. Akisema usiende, hauendi.

Na Mama Anastasia ameshasema.

"Nimempa mpaka mwisho wa mwezi," anasema mama huyo, mikono kiunoni, mbele ya mikungu yake. "Sabra nampenda, ni kama mwanangu. Lakini gari linalosaga meno hivyo siku moja litakataa kusimama pale Kiroka, na tutamwokota bondeni pamoja na ndizi zetu. Mimi nimeshazika watu wengi. Kama hajalitengeneza, mzigo unahamia gari jingine."

Hapo Sabra alikosea, na anakubali mwenyewe kwamba mdomo ulimponza. Katika kuhangaika kwake alikuwa amegundua jambo: siku akipakia uwanja wa misheni, gari halilii. Akipakia kando ya barabara, halilii. Akipakia kwa Mama Anastasia, linalia.

Akaenda akamuuliza.

"Nilimpa shikamoo vizuri tu, nikamwambia, mama, hebu niambie, huu mzigo wenu una nini? Mbona gari linalia nikibeba wenu tu?" Sabra anafunika uso kwa kiganja. "Weee! Alinitazama!"

"Aliniuliza kama ndizi zangu ndizo zinazokwaruza," anasema Mama Anastasia. Hacheki. "Nikamjibu, ndiyo mwanangu, zina makucha. Angalia usije ukaparurwa."

Tangu siku hiyo mama huyo, aliyekuwa akipenda kukaa kiti cha mbele akashuka mjini na mzigo wake, hapandi tena. Anapakia, anaaga, anabaki.

Fundi wa Sabra anaitwa Maneno, na jina hilo peke yake limemletea dhiki ya kutosha. Gari likirudi na ugonjwa ule ule, watu wa pale gereji, Mafiga mjini, hawaachi: fundi gani huyu, maneno matupu. Naye amechoka. Ameifungua kirikuu mara ya kwanza, akakuta breki za nyuma nzima. Akaifungua tena, nzima. Sabra akaenda kwa fundi mwingine huko Mkuyuni, naye akasema ni beringi. Zikanunuliwa mpya, kulia na kushoto. Zikafungwa. Safari iliyofuata kutoka kwa Mama Anastasia, mlio ukaimba kama kawaida, safari hii kwa beringi mpya.

"Nilirudi kwa Maneno nimevimba," anasema Sabra. "Nikamwambia panda, twende, usikilize mwenyewe. Tukaenda mpaka Kingolwira. Lami, tambarare, kwenda na kurudi. Kimya! Sauti niliyosikia ni ya Maneno anacheka."

Sasa, ili msomaji aelewe kilichowapata hawa wawili, lazima ajue kwamba Maneno ni Mnyamwezi wa Tabora na Sabra ni Mluguru wa Matombo. Ni watani. Tangu siku ya kwanza walipojuana makabila, hawajawahi kusalimiana kama watu. Sabra akiingiza gari gereji, Maneno hupaza sauti kuwa wenye mguu mmoja mfupi wamefika, maana kwake Mluguru yeyote amezaliwa mlimani na mguu mmoja lazima uwe mfupi ili asimame sawa. Sabra humjibu kuwa mpagazi aachwe apumzike, amebeba mizigo ya watu tangu Tabora. Mafundi wengine husimamisha kazi wasikilize.

Ni heshima ya aina yake, na haina ubaya. Ubaya wake ni pale mtu anapokuwa na jambo la kusema.

"Mimi nilimwambia!" anasema Maneno, na hapa sauti inampanda mpaka spana inatua chini. "Nilimwambia siku ya kwanza kabisa! Nilishika ule mkono wa handbreki nikaona umelegea, unapanda mpaka juu. Nikamwambia, nyie Waluguru mnavuta handbreki kama mnang'oa muhogo. Nikamwambia, huko kwenu mlimani usiivute, weka jiwe chini ya tairi kama alivyofanya bibi yako. Nikamwambia, nenda kajaribu hivyo. Sasa nimwambie vipi zaidi? Nimwimbie?"

Sabra alisikia kila neno. Alicheka mpaka machozi. Akamjibu kwamba Mnyamwezi hajui handbreki kwa sababu punda hana.

"Muhogo, bibi yangu, jiwe," anasema, akihesabu matusi kwa vidole. "Mtu anakuambia hivyo, utajua anatengeneza gari? Nikajua ananitukana kama siku zote. Kesho yake nikaenda kwa Mama Anastasia, nikaivuta handbreki kwa mikono miwili, tena nikiwa nacheka peke yangu."

Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, na usaha huu ulikuwa unajaa. Siku za mwezi zilikuwa zinakatika, mlio ulikuwa unazidi, na sasa ulikuja na harufu. Sabra alidhani ni mtu anachoma takataka njiani.

Kilichoukata mzizi wa fitina hakikuwa gereji wala spana. Kilikuwa msiba.

Alifariki Mzee Yakobo, mwanakwaya wa siku nyingi pale misheni, na jamaa zake wa mjini wakamwita Maneno. Kwenye mazishi ya Waluguru watani wana kazi yao, na Maneno ni mtani anayeijua kazi. Sabra akampakia kwenye kirikuu asubuhi, bila nauli, maana mtani halipi. Njia nzima ya kupanda mlima, gari halikulia hata mara moja. Maneno alimuuliza kama ule mlio ni wa gari au wa tumbo lake.

Msibani aliwatoa watu machozi ya kicheko. Alivaa kofia ya marehemu akakagua chakula, akatangaza kwamba Mzee Yakobo ametoroka deni la kumbeba Mnyamwezi mgongoni, akagoma kushika jembe mpaka apewe ugoro. Wafiwa walicheka, na waliokuwa hawajalia wakapata nafasi ya kulia. Mama Anastasia mwenyewe, aliyeimba kwaya moja na marehemu, alimpa sahani mbili.

Jioni wakarudi. Sabra alipitia kwa Mama Anastasia kupakia mikungu ya kuwahi soko la kesho. Aliegesha pale pale pa siku zote, gari limeinamisha pua kuelekea bondeni. Akaivuta handbreki kwa mikono miwili. Maneno alikuwa amekaa kiti cha pembeni, amechoka, kofia ya marehemu ipo mapajani, na alimtazama akivuta.

Mzigo ulipokamilika, Sabra aliushusha mkono wa handbreki. Taa yake ikazimika. Wakaanza kuteremka.

Krrr. Krrrr.

"Sikia!" Sabra alipiga kelele, na katika hasira zile kulikuwa na furaha. "Sikia mwenyewe! Ni tumbo langu hilo?"

Maneno alicheka. "Si nilikwambia, Mluguru, unang'oa muhogo?"

"Nyamaza wewe mpagazi, sikiliza gari."

"Nasikiliza. Achia muhogo wa watu."

"Nimeachia! Huoni mkono upo chini?"

"Sabra, simamisha gari. Sitanii."

Na Sabra akacheka, akakanyaga mafuta. Nani asiyejua kwamba mtani akisema "sitanii" ndipo utani umenoga?

Harufu ikaingia ndani. Maneno akatoa kichwa nje, akatazama nyuma, akakirudisha. Uso wake ulikuwa umebadilika. Kona mbili mbele yao ndipo mteremko mrefu unapoanza.

"Dada Sabra," alisema, taratibu. "Naomba unisamehe. Naomba usimamishe gari."

"Hajawahi kuniita dada," anasema Sabra. "Tangu nimjue. Ananiita Mluguru, ananiita mguu mfupi, ananiita kila kitu. Aliponiita dada, nilisema moyoni, kuna mtu amekufa mwingine. Nilikanyaga breki, nikasikia pedali inazama, laini, kama nimekanyaga ugali. Nikakanyaga tena na tena. Ikashika. Tukasimama."

Sabra alizima gari, akaliacha kwenye gia.

Kisha Maneno alishuka na chupa ya maji ya kunywa. Akamwagia kidogo gurudumu la nyuma la kulia. Maji yakatiririka tu, yakadondoka. Akaenda kushoto, akamwagia. Chiii! Maji yakaruka mvuke kama yamemwagwa kwenye jiko.

Akalala chini ya gari na nguo zake za msibani. Akagonga waya wa handbreki wa upande wa kushoto kwa kipini cha spana. Kitu kikafyatuka, tak, na kirikuu ikatikisika kidogo.

Ugonjwa wote ulikuwa ule. Tope la barabara lilikuwa limeingia kwenye ala ya waya, waya ukashika kutu. Handbreki ikivutwa kidogo, waya unarudi. Ikivutwa kwa nguvu zote, kwenye mteremko, gari na mzigo vikiwa vimeuegemea, waya unakwama huko huko. Mkono unashuka, taa inazimika, dereva anajua ameachia, kumbe gurudumu la kushoto bado limebanwa. Linasaga. Linachemka. Kisha mashimo ya barabara yanalitikisa, waya unafyatuka wenyewe, na gari linafika mjini limenyamaza, linamtia Sabra aibu. Na breki ikichemka sana, mafuta yake nayo yanachemka, na hapo pedali inazama na gari halisimami.

Uwanja wa misheni ni tambarare. Pale Sabra huacha gari kwenye gia tu. Gereji Mafiga ni tambarare. Kingolwira ni tambarare. Mahali pekee katika safari zake zote anapoivuta handbreki kwa mikono miwili ni kwa Mama Anastasia.

Wakatazamana barabarani pale, jua linazama, wote wawili wamejaa mavumbi. Ndipo ugomvi ulipoanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia!"

"Ulikuwa unatania!"

"Nilikuwa natania na nilikuwa nakwambia! Vyote! Kwani wewe una sikio moja la utani na moja la gari?"

"Ungesema kama mtu mzima!"

"Nivae tai? Mtani wangu aje gereji nimpe shikamoo?"

"Ungeniita dada tangu siku ya kwanza!"

Maneno alisonya, akaokota chupa yake, akaegemea gari. Baadaye, anasema Sabra, alimwambia kwa sauti ndogo kwamba alijua ana haki ya kumtukana, hakujua kama ana haki ya kumwamrisha. Walisubiri gurudumu lipoe, wakashuka kwa gia nzito, mwendo wa kinyonga, mpaka mjini. Hakuna aliyemtania mwenzake njia nzima. Sabra anasema hajawahi kufanya safari ndefu vile.

Waya mpya umefungwa, na breki za kushoto zimebadilishwa, maana zilikuwa zimeungua nyeusi tii. Lakini kwa Sabra kazi ngumu haikuwa hiyo. Kazi ngumu ilikuwa kupanda mteremko ule wa Mama Anastasia, siku mbili kabla ya mwezi kwisha, na kumwambia mama mtu mzima kwamba ndizi zake hazina makucha.

"Nilipiga goti," anasema. "Nikamwambia, mama, mwenye makosa ni mkono wangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Akanijibu, basi tutaona."

Asubuhi ile ya ukoko wa sufuria ilikuwa kabla ya msiba; leo ndiyo siku ya kuona. Sabra ameegesha kwenye mteremko, ameweka gia, na ameingiza chini ya tairi jiwe kubwa jeusi ambalo sasa linasafiri naye nyuma ya kiti. Handbreki ameivuta kidogo tu, kwa mkono mmoja. Mikungu inapakiwa. Mama Anastasia anaizunguka kirikuu, anainama, anatazama gurudumu la kushoto, anainuka. Mkungu wa mwisho unapanda. Kisha mama huyo anafunga khanga yake vizuri, anafungua mlango wa mbele, anapanda, anakaa.

Sabra anazunguka kwenda kwenye usukani.

Huku akijiweka sawa anaeleza mipango yake. Anataka kuongeza kirikuu ya pili, na dereva wake ameshamchagua: binti yake mkubwa, anayejifunza sasa kwa mama yake siku za Jumapili. Na hii ya kwanza ataipeleka kwa mchoraji aiandike nyuma, kwa rangi nyekundu, neno moja tu: SITANII.

"Maneno amesema akiliona atalifuta kwa mkojo wa punda," anasema, na uso wake unang'aa. "Amerudi, alhamdulillahi. Ameanza tena kunitukana. Siku ile aliponiita dada niliona kama nimefiwa na mtu aliye hai."

Anawasha. Anashusha handbreki. Anaachia klachi taratibu. Gari halisogei.

Anaongeza mafuta. Gari linanguruma, linatikisika, linabaki pale pale.

"Hapana!" Sabra anaupiga usukani. "Hapana, hapana! Waya mpya huu! Mpya! Maneno, leo nitakuja na panga! Yaani mtu anafunga waya juzi, leo tayari umekwama? Mnyamwezi huyu kanifungia kamba ya kitanda? Mungu wangu, na leo! Leo!"

Mama Anastasia anamwacha amalize. Anamtazama, mikono imetulia mapajani.

"Jiwe, mwanangu," anasema.

Sabra anafumba macho. Anazima gari. Anashuka, anazunguka mbele, anainama, anaung'oa ule mzigo mweusi chini ya tairi kwa mikono miwili, anarudi nao kifuani na kuutupa nyuma ya kiti. Hakuna anayecheka. Mama Anastasia anajitahidi.

Wanateremka. Sabra amezima redio, amefungua kioo, kichwa kimeinamia nje. Mama Anastasia naye amefungua chake. Wanapita kona ya kwanza, ya pili, wanapita mahali palipomwagwa yale maji ya chupa. Mteremko mrefu unaanza, pedali iko imara, na nyuma hakuna kinachosikika ila majani ya migomba yakipigwa na upepo.

Mpaka wanaingia Mkuyuni wanawake hao wawili wanasikiliza tu. Pale ndipo Mama Anastasia anapofunga kioo cha upande wake na kujiegemeza vizuri kitini.

"Na Ijumaa uwahi," anasema. "Kuna mzigo mkubwa."